Pointi Isiyo na Samaki

Wiki iliyopita Kassimu, mmoja wenu mnaokwenda na boti za faiba, alikuja barazani kwangu na simu mkononi. Alikuwa amemaliza kunakili daftari langu lote, kurasa kumi na nne za pointi za baharini, na alikuwa na swali moja.

"Shikamoo babu. Hii iliyoandikwa SHAAME, huko nje kwenye maji marefu, njia ya Wete. Nimepita pale mara mbili na kipima kina. Hakuna mwamba, hakuna samaki, nanga haifiki chini. Niifute?"

Nilimwambia aiache, nitamweleza. Kisha jua likahamia kwenye kiti changu, magoti yakaanza kuuma, sikumweleza. Kueleza kwa mdomo kunanichosha siku hizi, nikifika katikati nasahau nilianzia wapi. Kwa hiyo naandika, na nyinyi wengine msome pia, maana najua daftari mmeshagawana wote.

Msitegemee mpangilio. Nimefanya kazi nyingi na zote zimeingiliana kichwani. Shule niliacha darasa la tano. Walipita watu wakipima barabara kwa mnyororo, nikawafuata nijue mnyororo unaishia wapi. Ulikuwa hauishii. Tangu hapo mama aliniita Kiguu na Njia, akafa akiniita hivyo. Nimekata mkonge, nimefunga kamba kwenye kivuko cha Pangani, nimekaa Moa misimu miwili bila sababu ninayoikumbuka.

Na nimepata kufanya kazi Amani, msituni, kufunga vibati vya namba kwenye miti. Mkubwa wangu alikuwa Mshambaa mmoja, mzee Shemdoe, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Siku moja aliangalia daftari langu, akaweka kidole kwenye mti namba mia tatu na kumi na mbili.

"Huu uko wapi?"

"Uko msituni, mzee."

"Kaulete."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilikuwa nimeandika namba na aina ya mti, ila sikuandika upo bonde gani, umbali gani kutoka njiani. Nilipanda ule mlima nusu siku nikitafuta kibati kidogo kuliko kiganja, miruba wakinipanda miguuni, na nilipokipata nilikuwa na hasira naye ambazo zilinikaa mwaka mzima. Sikujua kwamba lile kosa nitalirudia baharini, mahali ambapo huwezi kupanda mlima ukalifuata.

Sasa mniruhusu niseme jinsi tulivyokuwa tukienda kabla ya mashine, maana mnaulizana mkidhani tulikuwa wachawi. Tulikuwa watu wa kukisia tu. Mchana wa hewa safi unatazama alama za nchi kavu: mnazi fulani uukalie msikiti fulani, kilima kitoke nyuma ya kisiwa. Ikija mvua ikafunika pwani, unahesabu muda. Na saa, katika miaka ile ya dhiki, wakati hata sabuni ilikuwa habari ya kupeana kwa kunong'ona, nani alikuwa nayo?

Nahodha wa kwanza niliyekwenda naye kutoka Moa alikuwa akipima safari kwa kaseti ya taarabu. Tukitoka mdomoni mwa hori, anabonyeza. Pande mbili za kaseti zikiisha, tunageuka kuelekea nchi kavu, na mlango wa mwamba, upenyo wa kupitishia chombo, unakuwa mbele yetu. Ilifanya kazi vizuri, naapa. Lakini betri hazikuwapo madukani. Zilizokuwapo tulizianika juani, juu ya bati pamoja na nazi, zikapata uhai wa siku moja zaidi. Safari moja mvua imefunga kila kitu, betri zikaanza kulegea, na yule mama wa kwenye kaseti akaanza kuimba kwa sauti nzito kama mwanamume aliyeamka sasa hivi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hakuna aliyefikiri kwamba sauti ikirefuka na muda unarefuka. Kaseti ilichelewa kuisha, sisi tukachelewa kugeuka, tukaupita mlango na kupanda juu ya tope la mikoko. Tulikaa pale tangu saa tatu asubuhi hadi maji yalipojaa alasiri, tukitazamana. Hakuna aliyecheka tena.

Ndiyo maana mashine ilipokuja niliipokea kama mtu aliyeletewa maji.

Ilikuja wakati wa ruksa, mambo yalipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia kwa marobota: nguo, redio, vyombo vya plastiki. Tajiri wetu, bwana Nassor, ambaye ukoo wao ulikuwa na ghala Tanga tangu enzi za babu yake, alikuwa na mashua ya injini ikienda Wete na unga na sukari, ikirudi na chochote kilichopatikana. Alirudi safari ya Dubai na GPS, ndiyo hiyo mashine. Ilikuwa na ukubwa wa nusu ya mche wa sabuni, ikila betri nne kwa siku, na betri sasa zilikuwapo duka lolote. Alimpa nahodha.

Nahodha alikuwa Faki, Mpemba wa Wete, mtu mfupi mwenye mabega mapana, msomaji mzuri wa Kurani ambaye herufi za shuleni hakuzijua. Aliigeuza ile mashine, akaitazama nyuma, akanipa mimi.

"Wewe ndiye mwenye maswali," alisema. "Iulize."

Niliiuliza mwezi mzima. Mjue kwamba siku hizo hakukuwa na ramani ndani wala picha. Kulikuwa na orodha ya majina tu. Unasimama mahali, unabonyeza, mashine inaweka pointi. Ukitaka kuipa jina unaandika herufi moja moja kwa kupanda na kushuka na kitufe, na mwisho ni herufi sita, haikubali ya saba. Usipoipa jina, inaipa namba yenyewe: sifuri sifuri moja, sifuri sifuri mbili, inaendelea hivyo. Nafasi zilikuwa mia mbili na hamsini. Nilidhani hazitajaa.

Majina yangu ya kwanza yalikuwa aibu. Tukipata mahali pazuri pa kutia nanga, na moyo unadunda kwa furaha, niliandika HAPA. Pazuri pengine nikaandika HAPA2. Kulikuwa na TENA, kulikuwa na KULE, kulikuwa na UGALI, ambapo tuliwahi kupika. Baada ya miezi mitatu nikaambiwa tupeleke mashua mahali tulipojisitiri na upepo ule mwezi wa Ramadhani, nikafungua orodha, nikakuta HAPA nne. Mbaruku, fundi wetu wa injini, Mdigo mwenye ulimi mkali kuliko msumeno, alisoma nyuma ya bega langu.

"Yakhe, mimi naona tubaki hapa hapa," alisema.

Kosa la pili lilikuwa la kuumiza zaidi. Kuna mwamba mbele ya Pangani tuliouogopa sote. Siku moja maji yamekauka nikaenda na kidau mpaka juu yake, nikabonyeza, nikaandika jina lake vizuri. Nilijiona mtaalamu. Safari iliyofuata tukaiambia mashine itupeleke Pangani, nikachagua lile jina nikidhani ni la kunionya, na mashine ikafanya nilichoiomba. Ilitufikisha sawasawa juu ya mwamba. Ubao mmoja ulipasuka. Nahodha Faki hakugomba. Alishuka majini, akapapasa chini ya mashua, akapanda, akasema mashine haina kosa, imetii.

Kutoka hapo nilijitungia utaratibu, ndio huu mnaouona daftarini na kuushangaa. Pointi weka mahali ambapo chombo chako kitapita, si mahali unapopaogopa. Pointi ya kupita kando ya hatari jina lake lianze na A mbili, kwa sababu mashine inapanga kwa alfabeti na ya hatari lazima uyaone kwanza kabla hujachoka kusoma. Mlango wa mwamba uanze na M, nanga ianze na N, halafu herufi mbili za mji ulio karibu, halafu namba. Usihesabu milango kwa mpangilio wa safari ya kwenda, maana ukirudi wa kwanza unakuwa wa mwisho. Hesabu kutoka kaskazini kwenda kusini, siku zote, hata ukiwa umelala. Na usiache pointi ikae na namba ya mashine. Ipe jina siku hiyo hiyo, mkono ungali na maji ya chumvi.

Hilo la mwisho nililijua vizuri kabisa, na kuna pointi moja ambayo sikuifanyia hivyo.

Shaame alikuwa mdogo wake Faki, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa mrefu pale nahodha alipokuwa mfupi, mvivu wa kuamka, na mpishi bora kuliko sisi sote. Asubuhi moja ya kusi, tumeshauacha mnara wa taa wa Ulenge nyuma yetu, pipa la dizeli lilikata kamba likaanza kubiringika. Shaame alilikimbilia alizuie kwa mguu, kama tulivyofanya sote mara nyingi. Safari hii wimbi lilitokea upande wa pili. Alikwenda pamoja na pipa.

Mimi nilikuwa na mashine mkononi. Nilibonyeza. Sikufikiri, kidole kilibonyeza chenyewe. Mashine ikaandika 067.

Tulizunguka mpaka jua linazama. Pipa tulilikuta mbali kaskazini, mkondo umelipeleka, linaelea kama halijafanya kitu. Shaame hatukumwona, wala hakuonekana ufukwe wowote, Pemba wala bara.

Tulipofunga kamba Wete, nahodha aliniuliza kama ile mashine inapajua pale. Nikamwambia inapajua. Akauliza pana jina gani. Nikamwambia bado ni namba, lakini naweza kuandika.

"Usiliandike jina lake humo," alisema. "Jina la maiti haliwekwi kwenye kitu cha betri."

Kwao ilikuwa hivyo, na kwenye mashua yetu ikawa hivyo: aliyechukuliwa na bahari hatajwi jina mkiwa majini. Tulimwita yule wetu. Tangu siku ile kila tukivuka kwenda Wete nilimwongoza nahodha mpaka sifuri sita saba, Mbaruku anazima injini, tunasoma Fatiha, nahodha anamimina marashi kidogo majini, kama unavyomimina juu ya kaburi. Kisha tunawasha. Vyombo vingine vilidhani injini yetu ina ugonjwa wa kufa mahali pamoja. Mashua moja ya Pangani iliwahi kuturushia kamba tuvutwe, na nahodha aliishika, akawashukuru, akawarudishia.

Nilikuwa na daftari hata wakati ule. Pointi zote niliziandika na tarakimu zake, za kusini na za mashariki. Ile moja niliandika hivi: 067, yule wetu. Basi. Sikuandika tarakimu. Nadhani niliona haya kuihesabu kama mlango wa mwamba.

Miaka ikaenda. Macho ya nahodha yakaanza kufifia, akarudi kwao, usukani nikabaki nao mimi. Bwana Nassor aliacha biashara ya Wete, akaingia kwenye majongoo ya bahari, maana wakati huo kulikuwa na wanunuzi wa kila kitu kinachotambaa chini ya maji. Tukawa tunabeba wazamiaji, miamba ya kusini, Pangani na kushuka chini. Kila siku pointi mpya. Njia ya Wete hatukupita tena.

Alasiri moja mashine iliniambia imejaa. Nilikaa barazani, nikafungua orodha, nikaona namba nyingi zisizo na jina: mahali tulipobonyeza kwa bahati mbaya, mahali nyavu za watu zilipoonekana, takataka. Nikazifuta zote, moja baada ya moja. Zilizo na jina nikaziacha. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyefagia nyumba.

Sikukumbuka kitu mpaka nahodha Faki alipokuja Tanga hospitali. Jicho moja madaktari walimwambia limekwenda, la pili likabaki na mwanga na kivuli. Alituma niitwe. Nilimkuta kwa jamaa zake amekaa kitako juu ya mkeka, chupa ya marashi iko mbele yake.

"Mwanangu Saidi," alisema, "mimi sirudi na meli. Nirudishe wewe na mashua. Nataka kumuaga yule wetu. Sidhani nitavuka tena."

Nikamwambia inshallah. Nikaenda nyumbani mbio, nikafungua mashine, nikafungua daftari. Nimeshawaambia daftari lilisema nini. Nilimkumbuka mzee Shemdoe na kidole chake kwenye mti wa mia tatu na kumi na mbili.

Nilimwambia Mbaruku peke yake. Alifikiri kidogo, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Macho hayaoni," alisema. "Zima injini popote, soma Fatiha. Maji ni maji, na Mungu anajua alipo."

Niseme kweli, nilikubali. Bwana Nassor alitupa mashua siku mbili. Tuliondoka asubuhi, hewa safi baada ya mvua ya usiku, milima ya Usambara imesimama wazi nyuma ya mji. Nahodha alikaa mbele, chupa mapajani. Nilikisia kwa muda na mwendo, na nilipoona panatosha nikamwashiria Mbaruku. Injini ikazimwa. Mimi nikafungua mikono kuanza kusoma.

Nahodha hakufungua chupa.

"Mnara unauonaje?" aliuliza.

"Nauona vizuri, nahodha."

"Mpaka chini?"

Niligeuka nikatazama. "Mpaka chini."

"Basi hatujafika. Washa."

Mbaruku alinitazama, mimi nikatazama miguu yangu. Injini haikuwashwa. Nikamwambia. Nikamwambia yote, mashine kujaa, kufuta namba, daftari, na kwamba nilitaka kumdanganya. Alisikiliza uso umeelekea majini.

"Ningekuwa nimekuacha uandike jina," alisema, "usingelifuta. Hilo ni kosa langu. Kudanganya ni lako. Washa injini, uniambie unachokiona."

Ndipo nilipojua kwamba muda wote ule, mimi nikitazama mashine, yeye alikuwa akitazama nyuma. Aliniambia mnara unatakiwa uzame nusu, chini umezwe na bahari, kichwa kibaki. Tukaenda, nikigeuka kila mara. Ulipozama nusu nikamwambia. Akauliza, moshi wa kiwanda cha Tanga uko chini ya pengo la mlima?

"Hakuna moshi, nahodha. Kiwanda kimefungwa."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Wafanyakazi wote walirudishwa makwao."

Hakuwa anajua. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba wa mtaa wa pili. "Basi mnara wenyewe," akasema. "Nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi iguse pengo, mnara utoke upande wa kusini wa ngumi."

Tulikuwa tumekwenda kusini mno. Tukapanda kaskazini, mimi nimenyoosha mkono kama mwendawazimu, Mbaruku akiendesha kwa kufuata sauti yangu, mpaka pengo, ngumi na mnara vikakaa. Nikasema vimekaa. Nahodha akatumbukiza kiganja majini, akakaa hivyo kidogo. Akafungua chupa.

Tuliposoma na kumaliza, nilibonyeza. Mashine ikatoa namba na kusubiri.

"Niandike nini?" nikauliza.

"Andika jina lake."

"Ulinikataza."

"Nilikukataza nikiwa naona," alisema.

Nikaandika, herufi moja moja, nikipanda na kushuka na kitufe, na sauti nikiitoa ili asikie. Zilikuwa sita, zikatosha. Tarakimu nikaziandika daftarini pale pale kabla injini haijawashwa, ndiyo maana mwandiko wa ukurasa wa tisa umepinda na karatasi ina doa la maji.

Nahodha Faki hakuvuka tena, kama alivyosema. Kaburi lake liko Wete, mtu yeyote atawaonyesha. Mashine ilikufa kwa kutu. Mbaruku naye ametangulia. Mimi nimechoka, na boti za sasa zinanitikisa mgongo, sitafika tena huko.

Kassimu, simu yako haijai. Iache. Na mkipita njia ya Wete, zimeni injini kwa muda wa Fatiha moja, hata mkionekana mmeharibikiwa. Siku simu zikifa zote, geukeni nyuma: mnara wa Ulenge umezama nusu, ngumi kwenye pengo la mlima, mnara umetoka kusini. Ni hapo.